Ndege Iliyotupiga Picha: Siku Tano Lincolnshire

Jumatatu

Tumetoka Leicester saa mbili asubuhi. Binti yangu Mwanaisha kwenye usukani, mimi kando yake, na mjukuu wangu Salim nyuma na mfuko wa vitafunio uliokwisha kabla hatujafika Newark. Mwanaisha ni muuguzi. Alipoomba ruhusa ya siku tano kazini wakamuuliza anakwenda wapi, akasema Lincolnshire, wakamcheka. Huko kuna kabichi na upepo tu, walimwambia. Kabichi tumeziona, mashamba kwa mashamba, na nchi yenyewe imelala sawasawa kama mkeka mpaka unapoufikia mji wa Lincoln, uliokaa juu ya kilima na kanisa lake kuu linaloonekana toka mbali kabla hujaona nyumba hata moja.

Nilichokifuata ni ndege. Ndege moja tu, ya mabomu, aina ya Lancaster, nambari yake PA474. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza na Wakanada walijenga Lancaster 7,377. Leo zinazoweza kuruka ni mbili duniani kote: moja iko Hamilton, Kanada, na ya pili ni hii, inayotunzwa na jeshi la anga la Uingereza katika kambi ya Coningsby, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Lincoln.

Mwanaisha alidhani uzee umenipata. "Baba, wewe hata sinema za vita huzipendi." Kweli sizipendi. Ilibidi nimweleze garini, naye Salim akatoa vile vidude masikioni ili asikie.

Nilichora ramani za serikali miaka 31, Ruaraka, Nairobi. Wiki yangu ya kwanza, kijana nimetoka Malindi na shati la kuazima, mkubwa wangu aliniwekea mezani stereoskopu, yaani ile miwani ya miguu minne, na chini yake picha mbili zilizopigwa kutoka angani. Akaniambia tazama mpaka zigeuke moja. Nikatazama. Nikaona karatasi mbili za kijivu. Nikatazama tena, macho yakauma, kisha ghafla kitu kikavutika, na ardhi ikainuka. Michanga ya Mambrui ikasimama kama migongo ya ng'ombe waliolala. Mto Sabaki ukazama mahali pake. Nikaona mdomo wa mto ninakoogelea, ila fungu la mchanga lilikuwa upande wa pili kabisa, maana picha zilipigwa kabla sijazaliwa. Nilinyoosha kidole kugusa kilima, kidole kikapita katikati yake. Mkubwa akacheka, akasema kila mtu hufanya hivyo.

Pembeni mwa picha zile, kwenye ukingo mweusi, mliandikwa tarehe, namba ya picha, na herufi RAF, na mbele yake 82. Miaka yote ile nilizikuta hizo 82 katika maelfu ya picha, nikazichukulia kama mtu anavyochukulia mhuri wa posta. Nilipostaafu ndipo nikakaa kusoma. Ni Kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza. Baada ya vita kilipewa Lancaster zilizovuliwa bunduki na kutiwa kamera, kikazunguka makoloni ya Afrika kupiga picha za kuchorea ramani, na kituo chake kimoja kilikuwa Eastleigh, Nairobi. Katika Lancaster hizo, iliyokuwa na herufi M ubavuni ni PA474. Hiyo hiyo.

"Kwa hiyo," Salim akauliza, "haikuwahi kupiga mtu?"

Haikuwahi. Ilitoka kiwandani katikati ya 1945, ikiandaliwa kupelekwa vitani Mashariki ya Mbali dhidi ya Wajapani, na vita vikaisha kabla haijaondoka. Kazi yake ya kwanza ya maana ni sisi.

Mchana tulikwenda kwenye kituo cha kumbukumbu cha Bomber Command, yaani kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza wakati wa vita, juu ya kilima kinachoutazama mji. Katikati pamesimama mnara wa chuma chenye kutu, mwembamba, urefu wake mita 31 na kitu: sawa na upana wa Lancaster kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Hilo wazo nililipenda. Mtu anaposoma "mita 31" haoni kitu, lakini ukiinua kichwa mpaka kofia ikaanguka unaelewa. Kuuzunguka kuna kuta za chuma hicho hicho zilizotobolewa majina, karibu 58,000. Tulipita tukigusa herufi. Salim aliyatafuta majina ya Salim, hakuyapata.

Wawili niliowafikiria hawamo kutani kwa kuwa walipona. Johnny Smythe wa Sierra Leone, mwelekezi wa ndege ya mabomu, alitunguliwa juu ya Ujerumani mwezi Novemba 1943 akamaliza vita kambini kwa wafungwa. Baadaye akawa mwanasheria mkuu kwao. Na Cy Grant wa Guyana, mwelekezi pia, ndani ya Lancaster, alianguka Uholanzi mwaka 1943. Nimewataja kwa sababu Salim aliniuliza kwa sauti ya chini, "Babu, hawa wote walikuwa wazungu?" Si wote.

Ndani wameweka pia upande wa waliopigwa. Hamburg, Julai 1943, maelfu kwa makumi waliungua katika usiku chache. Hapo Mwanaisha alisimama muda mrefu kuliko popote. Amefanya kazi wodi ya walioungua. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Jioni, chumbani, nimelala nikitazama dari na jina la mji huu linanizunguka kichwani. Lincoln. Lancaster ilizaa ndege nyingine kubwa zaidi, ambayo mwanzoni iliitwa Lancaster ya aina ya nne, kisha wakaipa jina la mji huu. Avro Lincoln. Kati ya 1953 na 1955 ndege hizo zilikuwa zinaruka kutoka Eastleigh ile ile kwenda kumwaga mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wakiwatafuta Mau Mau. Ofisini nilikaa meza moja na mtu wa Nyeri kwa miaka tisa. Alikuwa mtoto wakati ule. Alisema walikuwa wakizihesabu zikipita kwenda, halafu wanasubiri nyumba itetemeke. Hakupenda kuchora karatasi za msitu ule. Alinipa mimi, nami nikampa zangu za pwani. Hatukuwahi kulizungumza kama mabadilishano. Tulibadilishana tu.

Jumanne

Coningsby ni kijiji, na kambi ya ndege imekishika kama kupe alivyoshika sikio. Tulisimama kwanza kanisani, St Michael, kwa sababu Salim aliona saa ya mnarani ina mshale mmoja tu. Uso mkubwa sana, umechorwa moja kwa moja ukutani, mshale wa saa upo, wa dakika haupo. Mjukuu wangu hawezi kuvumilia. "Sasa utajuaje ni saa ngapi na dakika ngapi?" Nikamwambia hapa ndipo mahali pa kwanza Uingereza nilipojisikia nyumbani.

Kwenye kambi kuna banda ambalo wageni huruhusiwa kuingia kwa makundi, wakiongozwa na wazee wa kujitolea. Wetu alikuwa mrefu, amevaa tai, mikono yake ina madoa ya uzee kama yangu. Ndani mmejaa: Spitfire kadhaa, Hurricane mbili, Dakota moja, na nyuma ya zote, kama tembo aliyeingizwa zizi la mbuzi, Lancaster.

Ni kubwa, lakini si kwa namna niliyotarajia. Abiria wa leo amezoea ndege kubwa kuliko hiyo. Ukubwa wake uko katika kusimama: pua iko juu sana, mkia umekaa chini juu ya gurudumu dogo, hivyo hata ikiwa imetulia yaonekana inataka kuondoka. Magurudumu ya mbele yanamfika Salim utosini. Tumbo ni jeusi, refu, na milango ya mabomu inachukua karibu mita kumi bila nguzo katikati. Nafasi hiyo ndiyo iliyoifanya ndege hii ile ilivyokuwa. Roy Chadwick, aliyeibuni, alianza na ndege ya injini mbili, Manchester, ambayo injini zake zilikuwa balaa. Akaitanua mabawa akaitia Merlin nne za Rolls-Royce, ikaruka kwa mara ya kwanza Januari 1941. Bomu kubwa kuliko yote iliyolibeba lilikuwa la tani kumi hivi.

Ubavuni kushoto wamechora kangaruu amevaa buti za mvua anapuliza zumari la Kiskoti. Watoto wote katika kundi walicheka. Ni alama ya Lancaster nyingine, ya kikosi cha Waaustralia, iliyokwenda vitani kweli. Ubavu wa kulia una herufi za kikosi kingine tena. Desturi yao ni hiyo: kila miaka michache ndege hupakwa upya kwa heshima ya wengine waliokwenda na hawakurudi.

Naelewa. Waliokufa wakirusha ndege za Bomber Command, bila kuhesabu wengine walioandikwa kutani, ni 55,573, na wana haki ya kukumbukwa kwa kitu kinachoruka. Lakini nilisimama pale nikahisi kitu kama wivu. Kiota cha bunduki cha mgongoni wakakikuta Argentina, wakakileta kwa meli ya kivita, wakakiweka 1975. Bunduki zikarudi, rangi za usiku zikarudi. Ndege iliyokaa miaka kwetu ikitazama chini kwa utulivu imevishwa nguo za vita ambavyo haikupigana. Nilitafuta herufi M. Haipo.

Mzee wa tai akauliza kama kuna maswali. Watu wakauliza mambo ya petroli na kasi. Nikainua mkono nikauliza kamera zilikaa wapi ilipokuwa Afrika. Akanitazama kidogo, akaondoa miwani. Akasema kwa kawaida hiyo huwa ni sentensi moja katika maelezo yake, na mara nyingi huiruka. Nikamwambia mimi nimekula mshahara wa sentensi hiyo miaka 31. Kundi lilipoondoka akaniita nyuma ya kamba, hatua mbili tu, akanionyesha tumboni, upande wa nyuma. "Zilitazama chini kutoka huku," akasema. Nikachutama. Magoti yakalia. Niliona mabati, misumari ya vichwa bapa mistari kwa mistari, na tone moja la mafuta lililokuwa likijikusanya polepole bila kuanguka.

Akaniongezea yaliyobaki ya maisha yake, nami nayaandika kabla sijasahau. Ilirudi Uingereza 1952, na mpango ulikuwa kuifanya ndege ya kuendeshwa bila rubani. Ikaponea chupuchupu. Ikapelekwa chuo cha uhandisi wa ndege Cranfield, wakaisimamishia mgongoni kipande cha bawa la majaribio, kama mtu aliyebebeshwa mlango. Mwaka 1964 likaja wazo la kuihifadhi. 1965 ikapelekwa kambi ya jeshi ya Waddington, mafundi wakaanza kuirudisha katika hali yake. Na 1973 ikaingia katika kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga, hiki kinachoitunza leo. Kwenye miaka ya 1990 ikabadilishwa mhimili mkuu wa mabawa, ambao ndio uti wa mgongo, ili iendelee.

Ilikuwa iruke saa tisa alasiri. Tukaenda kujipanga nje kwenye ua pamoja na wenyeji. Upepo ulikuwa unavuma wa pembeni, si mkali, wa kukausha nguo tu. Saa tisa na robo mtu mmoja mwenye redio ndogo akatikisa kichwa, akaanza kukunja kiti chake, na wengine wote wakakunja bila kuuliza. Ndege ya mkia wa chini haipendi upepo wa ubavu, na hii hawaihatarishi hata kwa mfalme. Zikaruka Typhoon mbili za jeshi, zile za kisasa, sauti yake si sauti, ni kupasuliwa. Salim alifurahi. Mimi nilikuwa nimekuja kwa mwingine.

Jumatano

Mvua, toka alfajiri.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ina sheria iliyobandikwa kila mlango na chai ambayo majani yake yamehesabiwa. Mwenyewe alituambia kifungua kinywa kinakwisha saa tatu kasorobo. Tulishuka saa tatu kasoro ishirini tukakuta meza imeshapanguswa. Mwanaisha alitaka kusema. Nikamkanyaga mguu.

Kwa kukosa la kufanya nimemfundisha Salim kazi yangu. Nilimwambia apige kwa simu picha mbili za vikopo vya chumvi na sukari, ya pili asogeze mkono sentimita sita. Tukaziweka kando kwa kando, nikamwambia alegeze macho kama anayelala darasani. Ilichukua dakika kumi na kitu. Kisha akaruka kitini. "Imetoka nje!" Akanyoosha kidole kuigusa.

Basi nikamwambia ndivyo ilivyokuwa kule angani. Ndege haipigi ovyo. Inakwenda mstari mmoja ulionyooka, inageuka, inarudi kwa mstari ulio sambamba, kama mtu anayelima matuta, na kila picha lazima irudie sehemu ya picha iliyopita, asilimia 60 hivi, ili kila mti na kila nyumba ionekane kutoka pembe mbili. Bila hiyo hakuna kilima, kuna doa. Rubani akiyumba kidogo tu mwaka huu, mchora ramani anatukana mwaka ujao. Na wingu moja linatosha kuharibu siku, kwa hiyo marubani walikaa wiki nzima wakingoja mbingu, kama sisi leo.

Tukafanya hesabu nyuma ya karatasi ya risiti. Picha ya sentimita 23 kwa skeli ya 1:30,000 inafunika kilomita 6.9. Ukiacha ile asilimia 60 ya kurudia, ndege inasogea kilomita 2.76 kutoka picha hadi picha. Kwa mwendo wa kilomita 330 kwa saa ni sekunde 30. Kila nusu dakika, jicho lafunguka na kufumba.

"Na watu wanaonekana?"

Watu hawaonekani. Kwa skeli hiyo milimita moja ni mita 30. Mtu ni mdogo kuliko chembe ya picha yenyewe. Huonekana njia zao. Njia ya kwenda mtoni, nyembamba kama uzi, na pale uzi unapokutana na uzi mwingine ujue pana kisima au pana duka. Paa la makuti ni nukta. Mbuyu huonekana kwa kivuli. Nilijua vijiji vizima vya pwani kwa njia zao bila kumwona mtu hata mmoja. Na hizo njia hazikupigwa picha kwa ajili ya wenyewe waliozitembea. Wakoloni walitaka kujua nchi ili waitawale na waivune. Zikaja kutufaa sisi baadaye, zikachorewa mabomba ya maji na barabara za kwenda shule, lakini sikumdanganya mtoto kuhusu nia ya mwanzo.

Alhamisi

Mvua imekatika, upepo bado. Tukaenda East Kirkby, ambako kuna Lancaster nyingine isiyoruka bado, NX611, wanaiita Just Jane. Hii mafundi wanaifufua kidogo kidogo wakikusudia ije iruke, na wakati huo huo huwa wanaiwasha na kuizungusha ardhini.

Historia ya mahali hapa ni ya ndugu wa familia ya Panton, wakulima. Kaka yao Chris alikuwa fundi wa ndani ya ndege, akafa usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 1944 katika safari ya Nuremberg, usiku ambao ndege 95 za mabomu hazikurudi. Wadogo zake wawili, Fred na Harold, wakafuga kuku, wakalima, wakauza, na katika miaka ya 1980 wakanunua Lancaster nzima, wakaileta kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ambacho sasa kilikuwa shamba lao. Jina la kaka lingetosha kwenye jiwe la kaburini. Wao waliona halitoshi.

Hapa unaweza kusogea. Niliweka kiganja kwenye tairi. Waliruhusu watu wapande ndani kwa zamu, na mtu yeyote anayedhani vita ni raha apitishwe humo. Katikati pana mhimili wa mabawa unaokatiza njia, kizingiti cha chuma kifikacho kiunoni, ambacho lazima uuruke ili kutoka mbele kwenda nyuma. Fikiria kuuruka ukiwa na nguo za ngozi ya kondoo, giza totoro, ndege inawaka. Watu saba, na mlango wao mkuu uko nyuma karibu na mkia. Mwanaisha alikwama kidogo, akacheka, kisha akanyamaza.

Kisha wakaiwasha. Injini ya kwanza ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, ikakohoa tena, ikashika. Ya pili. Ya tatu. Kufika ya nne majani ya kiwanja yalikuwa yamelala kifudifudi na koti langu limenigeukia kichwani. Sauti haiingii masikioni tu. Inaingia kifuani, inakaa huko, na zile nne haziendi sawa kabisa, kwa hiyo kuna mawimbi, kupanda na kushuka, kama bahari ya kusi ukiwa umelala chumbani na dirisha wazi.

Pembeni yangu alikuwa ajuza kwenye kiti cha magurudumu, amefunga macho. Sikumsemesha. Wakati injini zinazimwa alifumbua macho akamwambia binti yake kwa Kiingereza cha huko, "Hizo ni nne tu. Siku zile zilikuwa mia."

Ijumaa

Upepo umelala.

Tulifika kwenye ua saa nne, wakatutambua. Ndani ya siku tatu tumekuwa wenyeji. Yule mwenye redio alinivutia kiti, mwingine akanimiminia chai kwenye kifuniko cha thamosi, chai ya maziwa isiyo na tangawizi, nikainywa kwa heshima. Nikawapa kaimati ambazo Mwanaisha alikaanga jana usiku jikoni mwa mwenye nyumba kinyume na sheria mbili zilizobandikwa. Zikaisha zote. Mmoja aliuliza kama tunaziuza.

Saa tano na dakika kumi wakaitoa. Kwanza huoni kitu, unaona watu wa mwisho wa ua wanainuka. Halafu juu ya majani zinatokea mikia miwili ya duara, inasogea yenyewe kama inaelea. Injini zote nne zilikuwa zimekwisha kuwaka. Ilipita mbele yetu polepole, pua juu, na rubani akafungua kidirisha akapunga mkono. Wazee wazima, wenye ndevu nyeupe, wakapunga kama watoto wa shule ya chekechea. Mimi mmoja wao.

Ilifika mwisho wa njia ikasimama. Ikakaa. Ikakaa sana. Yule wa redio akasema wanapasha mafuta. Mwanaisha akanishika mkono wa shati, nadhani bila kujua.

Kisha mvumo ukabadilika. Haikuunguruma ghafla kama Typhoon, ilijikusanya. Ikaanza kuja. Mkia ukainuka kwanza, na kwa sekunde kadhaa ilikuwa inakimbia imenyooka, magurudumu mawili ardhini, kama mbuni. Halafu ikatokea nafasi kati ya magurudumu na lami. Nafasi ndogo, ya kupitisha kiganja. Nikaona mwanga chini yake. Nafasi ikapanuka.

Ikaenda. Ilikuwa na maonyesho huko pwani, wakasema, itarudi alasiri. Wengine wakaenda kula. Sisi tulikwenda kwenye ngome ya Tattershall, jengo la tofali jekundu la karne ya 15 lililosimama peke yake kwenye tambarare, tukapanda ngazi zake za mzunguko mpaka juu, ambako waona kambi yote na mashamba yamepangika kama karatasi mezani. Niliyatazama kwa tabia ya kazi: mtaro, barabara, mstari wa miti, kanisa. Sehemu ningeiwekea alama ya kisima. Salim akachoka, tukashuka, tukakaa kwenye nyasi mbele ya ngome.

Saa kumi kasorobo akaisikia yeye kwanza. Masikio ya miaka kumi na mbili. Mimi niliisikia baada ya muda, ule mvumo wenye mawimbi, kisha ikatokea upande wa mashariki, msalaba mweusi juu ya miti, inashuka kuelekea kiwanjani, na njia yake ikapita juu yetu barabara.

Haikuwa juu sana. Niliona kila kitu: milango ya mabomu imefungwa, mstari wa mafuta uliopakaa nyuma ya injini moja, duara za rangi mabawani. Na nyuma kidogo ya tumbo, ile sehemu ambayo mzee wa tai alinionyesha. Ilikuja mpaka ikawa juu ya utosi wangu kabisa. Miaka 31 nimeitazama nchi kutoka pale, kwa jicho lile, nikiwa nimeinama mezani, nikihesabu mapaa ya watu. Sikuwahi kusimama upande huu. Kivuli chake kikakimbia juu ya nyasi, kikapanda ukuta mwekundu wa ngome, kikatupita, baridi kidogo, kikaenda.

Nilikuwa nahesabu bila kujua kwamba nahesabu kwa sauti. Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

Salim ameinua uso, mkono wote hewani, anapunga.

"Babu, tumetokea?"

"Kwa ilivyoshuka namna hii," nikamwambia, "tumetokea."

Akaendelea kupunga mpaka ikazama nyuma ya miti.